Daftari la Ukuta wa Moto

Ukipanda kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi kwenda Akheri, utapita kati ya migomba na mibuni, na mahali pengi utakuta lango. Pana lango la shule, lango la zahanati, lango la ghala la kahawa. Penye lango kubwa hukaa mlinzi, na mbele yake huwa pana meza ndogo na daftari. Kila mgeni anayefika huandikwa: tarehe, saa, jina lake, alikotoka, anayekwenda kumwona, na kama aliruhusiwa kuingia au alirudishwa.

Fikiri kidogo juu ya daftari hilo. Halisemi mgeni alikuwa na nia gani. Halisemi alizungumza nini na mwalimu mkuu. Halisemi hata kama jina lililoandikwa ni lake kweli. Hata hivyo, siku kitu kinapopotea shuleni, jambo la kwanza wanalofanya watu wazima ni kulifungua daftari la langoni.

Kompyuta nazo zina lango, mlinzi na daftari. Katika sura hii tutajifunza kulisoma daftari hilo, na kuyaandika kwa usahihi yale tuliyoyasoma.

Ukuta usiowaka

Mtandao ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipelekeane habari. Kompyuta za shule moja zaweza kuunganishwa zikawa mtandao mdogo. Mitandao midogo ya dunia nzima ikiunganishwa pamoja huwa intaneti. Mahali ambapo mtandao wa shule hukutana na intaneti ndipo palipo lango, na hapo huwekwa programu au chombo kinachoitwa ukuta wa moto.

Jina hili huwachekesha wanafunzi wengi, lakini ukuta huu hauwaki. Jina lake limetoka kwa waashi. Katika miji yenye nyumba zilizoshikana, waashi hujenga ukuta wa mawe au matofali kati ya nyumba na nyumba, ili moto ukizuka katika nyumba moja usirukie ya pili. Mtu aliyewahi kuona paa la nyasi likishika moto kwa cheche moja hahitaji kuelezwa zaidi.

Kompyuta nazo ziliwahi kushikana moto kwa namna yake. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa muda mfupi maelfu ya kompyuta yalielemewa yakashindwa kufanya kazi. Baada ya tukio hilo watu wengi zaidi waliona haja ya kuweka ukuta penye lango.

Pakiti

Ukuta wa moto haukagui watu. Hukagua pakiti. Usichanganye neno hili na kifurushi cha intaneti ambacho wazazi hukinunua kwa simu; kifurushi ni kiasi cha habari kilicholipiwa, na pakiti ni kitu kingine.

Tuseme unataka kumpelekea binamu yako aliyeko London picha ya Mlima Meru. Picha hiyo haisafiri nzima. Kompyuta huikata vipande vidogo, na juu ya kila kipande huandika kilikotoka, kinakokwenda, ukubwa wake na nafasi yake katika mfuatano. Kipande kimoja cha namna hiyo ndicho pakiti. Katika mitandao ya kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500. Kwa hiyo picha yenye baiti 300,000 hukatwa pakiti zaidi ya 200. Twasema zaidi ya 200 kwa sababu sehemu ya kila pakiti hutumika kuandikia anwani, kama vile bahasha nayo ina uzito wake. Pakiti zikifika, kompyuta ya binamu yako huzipanga upya. Ikikosekana hata moja, huagizwa tena.

Pakiti zinazotoka Akheri hushuka mlimani kwa mawimbi ya redio ya minara ya simu, au kwa waya, hadi Arusha mjini. Nyingi huendelea hadi Dar es Salaam, na huko huingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mmojawapo ni waya wa SEACOM ulioanza kufanya kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Njia hiyo inayotupeleka kwa wengine ndiyo inayowaleta wengine mlangoni petu. Pakiti kutoka Brazili hufika Akheri kabla hujamaliza kulitamka jina la nchi hiyo.

Mstari mmoja wa daftari

Kila pakiti inapokaguliwa, ukuta waweza kuandika mstari mmoja katika daftari lake. Fundi ndiye anayeamua pakiti zipi ziandikwe, maana zikiandikwa zote daftari hujaa upesi. Hapa pana mstari mmoja, tena tumeufupisha kidogo:

May 12 05:41:12 ZUIA IN=eth0 OUT= SRC=198.51.100.8 DST=192.0.2.10 LEN=60 PROTO=TCP SPT=40112 DPT=22 SYN

Usiogope. Mtu awezaye kusoma daftari la langoni aweza kuusoma mstari huu. Tuanzie kushoto.

Mwanzo pana tarehe na saa: tarehe 12 Mei, saa, dakika na sekunde. Angalia vizuri, utaona ya kuwa mwaka haupo. Madaftari mengi ya aina hii hayaandiki mwaka. Ukiyanakili leo bila kuutaja, baada ya miaka mitatu hakuna atakayejua ni Mei ipi.

Neno linalofuata, ZUIA, ni uamuzi wa ukuta. Neno hili limechaguliwa na fundi mwenyewe. Fundi mwingine angeweza kuchagua jingine. Katika sura hii ukuta wetu una maneno mawili tu, ZUIA na PITISHA.

IN ni upande ambao pakiti iliingilia, na OUT ni upande iliotokea. Ukuta wetu una matundu mawili ya waya: eth0 hutazama intaneti, na eth1 hutazama shule. Hapa OUT ni tupu, kwa sababu pakiti hii ilikuwa inauendea ukuta wenyewe, haikuwa ikipita kwenda ndani.

SRC ni anwani ya kompyuta iliyoituma pakiti, na DST ni anwani ya kompyuta iliyokusudiwa. LEN ni ukubwa wa pakiti kwa baiti. PROTO ni itifaki, yaani utaratibu wa mazungumzo. Katika itifaki ya TCP, kila upande humjulisha mwenzake ya kuwa amepokea. Katika itifaki ya UDP, ujumbe hurushwa bila kungoja jibu.

SYN ni alama ndogo yenye maana kubwa. Wewe ukifika nyumbani kwa watu hupiga hodi, na mwenye nyumba hujibu karibu, ndipo mazungumzo yaanze. Kompyuta zinazotumia TCP hufanya vivyo hivyo. Pakiti yenye SYN peke yake ni hodi.

Zimebaki SPT na DPT, ambazo ni namba za milango. SPT ni mlango ambao mtumaji anangojea jibu. Mara nyingi ni namba kubwa iliyochaguliwa wakati uleule, nayo haitatushughulisha sana. DPT ni mlango uliopigiwa hodi, nao ndio wa kuangaliwa.

Sasa tunaweza kuusoma mstari wote kwa Kiswahili: Tarehe 12 Mei, kompyuta yenye anwani 198.51.100.8 ilipiga hodi kwenye mlango namba 22 wa ukuta wetu wenye anwani 192.0.2.10, nayo ikazuiwa.

Anwani na milango

Anwani ya kompyuta ni namba nne zilizotengwa kwa nukta. Kila moja yaweza kuwa 0 au zaidi, lakini haizidi 255. Ukizipanga kwa kila namna utapata anwani 4,294,967,296. Ni nyingi, lakini hazikuitosha dunia, na leo pana pia anwani za namna mpya zilizo ndefu zaidi, utakazozisoma katika madarasa ya juu.

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu. Zinatumika katika shule yako, katika hoteli ya Arusha na katika nyumba ya Mombasa kwa wakati mmoja, bila kugongana. Ni kama kusema "nyumba ya tatu kushoto": kila kijiji kina nyumba ya tatu kushoto, nawe huwezi kuitafuta mpaka ujue ni kijiji gani. Anwani zinazoanza na 192.0.2, 198.51.100 na 203.0.113, kwa upande mwingine, zimetengwa kwa ajili ya vitabu na mafunzo tu. Ndiyo maana tumezitumia hapa, tusije tukamtaja mtu asiyehusika.

Milango ya kompyuta si ya mbao. Fikiria kituo cha afya chenye jengo moja na milango mingi: wa daktari, wa dawa, wa maabara. Anwani hukufikisha kwenye jengo; mlango hukufikisha kwenye huduma. Namba za milango huishia 65,535, lakini inayotumika sana ni michache. Kurasa za intaneti huja kwa mlango 80 na 443. Barua hupitia mlango 25. Mlango 22 hutumiwa na fundi anayeiendesha kompyuta akiwa mbali. Mlango 23 ulifanya kazi hiyohiyo zamani, lakini hauna siri: hata neno la siri la fundi hupita humo likiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Hodi inayopigwa kwenye mlango 23 yafaa iangaliwe kwa makini.

Saa ya ukuta

Wanafunzi niliowafundisha sekondari walikosea hapa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo twende polepole.

Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Sisi twahesabu saa moja jua linapochomoza na saa moja jua linapotua. Kwa hiyo 05:41 si saa tano. Jambo la pili ni kwamba kuta nyingi hutumia saa ya Greenwich, Uingereza, ili mafundi wa nchi mbalimbali waelewane. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya Greenwich kwa saa 3.

Ikiwa ukuta wetu unatumia saa ya Greenwich, tunafanya hatua mbili. Kwanza twaongeza 3: 05:41 huwa 08:41. Kisha twatoa 6 ili tupate saa ya Kiswahili: saa mbili na dakika 41 asubuhi. Ukuta ukiwa unatumia saa ya kwetu, hatua ya kwanza huachwa, na 05:41 huwa saa kumi na moja na dakika 41 alfajiri. Tofauti hii si ndogo.

Utajuaje ukuta unatumia saa ipi? Usikisie. Muulize fundi, au fungua ukurasa mmoja wa intaneti huku ukitazama saa ya mkononi, halafu uutafute mstari wake katika daftari.

Chumba kilichofungwa

Tuseme shule moja ya Akheri ina kompyuta 6 na kamera moja ya ulinzi juu ya mlango wa chumba cha kompyuta. Shule ilinunua kifurushi cha intaneti cha kutosha mwezi mzima. Siku ya tatu kikaisha. Mwalimu wa zamu alilifungua daftari la ukuta, akatafuta mahali mambo yalipoanzia, akakuta mistari hii:

May 12 10:19:58 PITISHA IN=eth0 OUT=eth1 SRC=203.0.113.45 DST=192.168.1.14 LEN=60 PROTO=TCP SPT=51877 DPT=23 SYN

May 12 10:20:31 PITISHA IN=eth1 OUT=eth0 SRC=192.168.1.14 DST=198.51.100.77 LEN=40 PROTO=TCP SPT=33019 DPT=23 SYN

May 12 10:20:31 PITISHA IN=eth1 OUT=eth0 SRC=192.168.1.14 DST=203.0.113.201 LEN=40 PROTO=TCP SPT=33019 DPT=23 SYN

Mistari kama huu wa pili na wa tatu iliendelea ukurasa baada ya ukurasa, kiasi cha 200 kwa kila sekunde.

Mwalimu aliona 10:20, akasema, "Saa kumi na dakika ishirini." Akatazama orodha ya zamu za usafi. Tarehe 12, saa kumi jioni, mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alikuwa peke yake katika chumba hicho akifagia. Akaitwa ofisini. Alisema hakugusa kompyuta yoyote, lakini hakusadikiwa. Mama yake akapelekewa habari aje kesho yake asubuhi na fedha za kulipia kifurushi.

Jioni ile mwalimu mwingine aliomba alisome daftari. Alianza na saa. Ukuta wa shule ulikuwa unatumia saa ya Greenwich. Akaongeza 3, akapata 13:20, yaani saa saba na dakika 20 mchana. Siku ile chumba kilifungwa kwa kufuli tangu saa sita na nusu hadi saa tisa, na ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mkuu. Wakati huo yule mwanafunzi alikuwa darasani pamoja na wenzake 40.

Kisha akaitazama anwani 192.168.1.14. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilionyesha ya kuwa kompyuta 6 za shule zilikuwa na anwani za 192.168.1.2 hadi 192.168.1.7. Anwani yenye 14 mwishoni ilikuwa ya kamera. Kompyuta hazikuhusika kabisa.

Mwisho akaurudia mstari wa kwanza, ambao mwenzake aliupita haraka. Sekunde 33 kabla ya kamera kuanza vurugu, kompyuta ya nje ilipiga hodi kwenye mlango 23 wa kamera, na ukuta ukaipitisha. Fundi aliyeifunga kamera alikuwa ameuacha mlango huo wazi ili aweze kuihudumia akiwa mbali, na hakulibadilisha neno la siri lililotoka nalo kiwandani.

Mambo ya namna hii hutokea kweli. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilienea duniani kwa njia hiyohiyo. Ilipiga hodi kwenye mlango 23 wa kamera na ruta, ikajaribu maneno ya siri ya kiwandani, na ilipokubaliwa ilikigeuza chombo hicho nacho kianze kupiga hodi kwa wengine. Tarehe 21 Oktoba 2016 vyombo vilivyoambukizwa viliielemea kwa pamoja kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo walikuwa wamekaa majumbani mwao, wala hawakuwa na habari.

Labda unajiuliza: je, pakiti ndogo ya baiti 40 yaweza kumaliza kifurushi? Fanya hesabu. Pakiti 200 za baiti 40 ni baiti 8,000 kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, utapata baiti 691,200,000, yaani karibu megabaiti 691 kwa siku moja. Kifurushi hukatwa kwa habari zinazotoka kama kinavyokatwa kwa zinazoingia.

Walimu wale wawili waliuamuru ukuta uzuie mlango 23 kutoka nje na kutoka ndani, wakaizima kamera na kuiwasha tena, wakabadilisha neno lake la siri. Walianza na ukuta kwa makusudi. Programu za aina ya Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda ya chombo, nazo hufutika kikizimwa. Lakini mlango ukiachwa wazi, hodi nyingine yaweza kuja baada ya dakika chache. Asubuhi mama alipofika hakuombwa fedha. Mwalimu wa zamu alimwomba mwanafunzi radhi mbele ya darasa, jambo ambalo si kila mtu mzima huliweza.

Kuandika taarifa

Mwalimu wa pili hakuishia kusoma. Aliandika taarifa, na aliigawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilisomeka hivi:

"Niliyoyaona. Tarehe 12 Mei, saa 10:19:58 ya Greenwich, ambayo ni saa saba, dakika 19 na sekunde 58 mchana kwa saa ya hapa, pakiti ya hodi kutoka anwani 203.0.113.45 iliruhusiwa kwenda kwenye mlango 23 wa anwani 192.168.1.14. Anwani hii ni ya kamera. Kuanzia saa 10:20:31 ya Greenwich, kamera ilituma pakiti za hodi kwenye mlango 23 wa anwani nyingi za nje."

Na sehemu ya pili hivi:

"Ninayoyadhani. Nadhani kamera iliingiliwa na programu inayojieneza yenyewe. Sijui ni nani aliyeianzisha. Yaelekea anwani 203.0.113.45 nayo ni ya chombo kilichoingiliwa."

Mwaka aliuandika juu ya ukurasa pamoja na jina lake, kwa kuwa ukuta hauuandiki. Mistari ya daftari aliinakili kama ilivyo, bila kuibadilisha hata nukta moja. Alipokosea kunakili, alikata kosa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, hakulifuta.

Tazama ya kuwa hakuandika "mtu fulani aliiingilia kamera." Daftari la ukuta huandika anwani, na anwani ni ya chombo. Nyuma ya chombo yaweza kuwa na mtu, au watu 40 wanaopokezana, au asiwepo mtu yeyote. Tena anwani ya SRC yaweza kughushiwa, kama vile mgeni aweza kuandika jina la uongo langoni.

Mwaka 1986, huko California, Marekani, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll alipewa kazi ndogo katika Maabara ya Lawrence Berkeley. Hesabu za matumizi ya kompyuta zilikuwa zimepungua kwa senti 75 za dola, naye akatakiwa aeleze kwa nini. Wengi wangeziacha. Stoll alifuatia senti hizo akagundua ya kuwa mgeni alikuwa akiingia katika kompyuta za maabara. Mgeni huyo alitumia jina la mtumiaji halali, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Uingereza na hakuhusika kwa lolote. Stoll aliunganisha mashine za kuchapa kwenye nyaya za simu zilizoingia katika kompyuta ili kila herufi aliyoipiga mgeni ichapwe karatasini, na kila siku aliandika katika daftari lake saa na jambo lililotokea. Baada ya miezi mingi njia ilifuatwa hadi mji wa Hannover, Ujerumani. Kama Stoll angelishika jina hilo tu, angemshtaki mtu asiye na kosa, na mwenye kosa angeendelea.

Jambo moja la kuangalia: usijaribu kupiga hodi kwenye kompyuta za watu ili uone madaftari yao yataandika nini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa. Jaribio lifuatalo latosha, nalo halihitaji kompyuta.

Jaribio

Vitu vinavyohitajiwa: bahasha 20, zilizotumika au za kutengenezwa kwa karatasi, na daftari moja.

Mwanafunzi mmoja asimame mlangoni mwa darasa awe ukuta. Mwingine akae karibu naye awe karani. Wanafunzi watano wakae nje wawe intaneti, na kila mmoja apewe anwani. Juu ya kila bahasha waandike SRC, DST na DPT. Ndani yake watie ujumbe mfupi. Mwalimu aandike sheria ubaoni: PITISHA mlango 443. ZUIA mlango 23. Ukuta usome nje ya bahasha tu, usiifungue. Karani aandike mstari kwa kila bahasha, pamoja na saa.

Kabla ya kuanza, mwalimu amnong'oneze mmoja wa walio nje aandike anwani ya mwenzake badala ya yake, na mwingine atie ujumbe mbaya katika bahasha ya mlango 443.

Bahasha zikiisha, karani alisome daftari mbele ya darasa. Andikeni taarifa yenye sehemu mbili kama ile ya mwalimu. Kisha zifungueni bahasha, na wale watano waseme kweli walichofanya. Linganisheni.

Maswali

1. Pakiti ni nini? Kwa nini picha haitumwi nzima?

2. Anwani ya kompyuta moja huko Usa River ni 192.168.1.5, na ya kompyuta moja hapa Akheri ni hiyohiyo. Eleza kwa nini hazigongani.

3. Ukuta unaotumia saa ya Greenwich umeandika 08:05. Kwa saa ya Kiswahili ilikuwa saa ngapi hapa Akheri? Mtu aliyesema "saa nane na dakika tano" amekosea wapi?

4. Kamera inatuma pakiti 50 kwa sekunde, na kila pakiti ina baiti 40. Itatuma baiti ngapi kwa saa moja?

5. Soma mstari huu, kisha uandike taarifa yenye sehemu mbili:

Jun 03 11:30:00 ZUIA IN=eth1 OUT=eth0 SRC=192.168.1.4 DST=203.0.113.9 LEN=60 PROTO=TCP SPT=42760 DPT=25 SYN

6. Katika mstari wa swali la 5 pana jambo ambalo mwalimu mkuu atataka kulijua kwanza, lakini huwezi kulipata humo hata ukiusoma mara kumi. Ni jambo gani? Ungekwenda kuuliza wapi?